Jumapili Nilikataa Kula Askari wa Mwisho

Jaspal alimaliza chapati zote za mke wangu Wangeci kabla amtaje Mistri, anko wake, na mimi nilikuwa namwangalia kila akimega, nikiomba zisiishe. Si uchoyo, ni uoga. Mtu ametoka Nakuru akiwa kijana wa suruali ya kubana, amerudi na kitambi na goti mbaya, ameketi kwa meza yangu huku Lanet, anasifu dengu, anauliza bei ya mbolea, na sisi wote watatu tunajua hajatoka Uingereza kuja kuuliza mbolea. Nikajaribu kumpeleka mbali. Nikamwambia vile mvua imetuchezea, nikamwambia ile mzaha ya padri na punda, akacheka kwa heshima tu. Wangeci akanitupia ile jicho yake. “Redio,” akasema, “zima kidogo. Mgeni anataka kuongea.” Hilo jina siku hizi hakuna mtu ananiita nalo isipokuwa yeye. Nilipewa kwa karakana ya Mistri, mwaka wa sabini na tisa, kwa sababu nilikuwa naongea kutoka asubuhi mpaka jioni na hakuna mtu alijua betri naweka wapi. Huo mwaka ndio nataka kuandika hapa, hata kama mkono unaniambia niandike mwingine, wenye nilikuwa nimevaa vizuri.

Karakana ilikuwa mabati kutoka chini mpaka juu. Tulikuwa tunaunda bodi za lori, na trela za kubeba ngano huko Mau Narok. Zile lori za kubeba udongo mweupe wa Kariandusi zilikuwa zinaletwa zikiwa kama zimepakwa unga, ukipiga nyundo mara moja jengo lote linakuwa wingu, na jioni tunatoka hapo tukifanana na watu wa kinu. Mistri peke yake ndiye alikuwa anabaki msafi, sijui aje, na kilemba chake cha samawati. Mistri si jina, ni vile Wahindi wanaita fundi mkubwa. Alikuwa Kalasinga mzee, mke amekufa, watoto wote wako Uingereza, na yeye anaishi kwa vyumba viwili hapo hapo nyuma ya karakana, anajipikia. Saa ya chai Wangeci alikuwa anakuja na birika na beseni ya mandazi. Wakati huo hakuwa mke wangu, alikuwa msichana wa kuuza chai mwenye mdomo kama wangu, na mimi nilikuwa nimemfuata karibu mwaka mzima bila kusema kitu ya maana. Mistri anageuza kreti ya misumari, anaweka juu bodi ya chess aliyounda mwenyewe, vitu vyeupe ni mbao ya podo, vyeusi ni mutamaiyo, ule mti mgumu wa Mau, na chai inanywewa hapo, watu wamesimama kuzunguka kama ni ng'ombe inachinjwa.

Chess ya Mistri haikuwa ile ya vitabu. Ilitoka kwa baba yake huko Punjab. Ile yenye wengine wanaita malkia, kwetu ilikuwa waziri. Ule mnara, wenye unaenda moja kwa moja, ulikuwa ndovu. Vile vidogo vya mbele ni askari, na askari akitembea mpaka mwisho wa bodi anageuka waziri. Na juu ya sheria zote kulikuwa na moja: humvui mfalme wa mwenzako nguo. Yaani unaweza kumlia watu wake wote, lakini wa mwisho unamwachia, hata kama ni askari mmoja amesimama pembeni kama mlevi. Lazima mfalme auawe akiwa bado ana mtu. Ukikula yule wa mwisho game inakufa hapo hapo, hakuna mshindi, na Mistri anakusanya vitu vyake bila neno na wewe unarudi kupiga randa. Pia hakuna kulaza mfalme wako mwenyewe eti umechoka. Unangoja mpaka uuliwe.

“Lakini kwa nini, Mistri?” nilimuuliza siku moja nikiwa nimeharibu game tamu kwa kukula sana.

“Mfalme ni mfalme, puttar.” Puttar ni mtoto wangu kwa lugha yao. “Wewe naua yeye, sawa. Wewe navua nguo yake mbele ya watu, hapana. Hiyo kazi ya mwizi.”

“Sasa ndio nimeelewa mshahara wetu,” nikamwambia. “Unatuachia suruali moja moja. Ni heshima.”

Watu wakaangua. Mistri alikuwa anacheka na mabega, hakuna sauti, mabega tu yanapanda yakishuka. Nilikuwa naweza kufanya mzaha siku nzima ili nione hayo mabega. Shule nilitokea darasa la saba, Kizungu changu kilikuwa cha kuomba ruhusa kwenda choo, lakini hiyo bodi iliniingia vile maji inaingia kwa mchanga. Kabla ya mvua ndefu nilikuwa nimewapiga wote kwa karakana, na Mistri mwenyewe alianza kunywa chai pole pole akicheza na mimi, na hiyo kwake ilikuwa sifa.

Ndipo Jaspal akaja. Alikuwa mtoto wa kaka yake, alizaliwa hapa hapa Nakuru, akapelekwa Uingereza, sasa ametumwa na ukoo wote kuja kumchukua mzee. Ofisi ya Mistri ilitengwa na sisi na mbao tu, na kila saa ya chakula tulikuwa tunasikia vijiko na maneno. Wangeongea lugha yao hatungejua kitu, lakini Mistri akikasirika alikuwa anahamia Kiswahili, nafikiri ili sisi tusikie upande wake.

“Hapa nani atakupikia, Chacha-ji?” Chacha-ji ni anko kwa lugha yao.

“Napika mimi.”

“Na ukiugua?”

“Naugua mimi.”

“Watoto wako wanalia huko.”

“Wao nalia kwa simu. Simu nakatika, wao nanyamaza.”

Sisi huku nje tunauma midomo. Lakini hakuna mtu alikuwa anacheka sana, kwa sababu tulijua Mistri akienda karakana imeenda, na pia, wacha niseme ukweli, kwa sababu tulikuwa tunampenda. Siku ingine Jaspal akatoa kwa sanduku zawadi aliyoleta: mashine ya kucheza chess. Kitu kidogo kama redio, vibonyezo na namba nyekundu zinawaka. Unaibonyezea mwendo wako, inanyamaza, inafikiria, inalia pii, inakuonyesha mwendo wake. “Huko itakuwa inacheza na wewe kila jioni,” Jaspal akamwambia. “Hutakosa mtu.”

“Mimi iko na mtu,” Mistri akasema. Akafungua mlango. “Redio! Kuja hapa.” Nikaingia nimejaa vumbi nyeupe. Akaniwekea mkono kwa bega, akamwambia Jaspal, polepole, kila mtu akisikia: “Hii sanduku nashinda Redio, mimi nakata tiketi. Kama hapana shinda, wewe hapana taja Ingland tena kwa meza yangu.”

Nilisema nini? Nilisema, “Mistri, hiyo sanduku tutaiunda miguu iende yenyewe.” Watu wakapiga makofi. Hakuna mtu aliniuliza kama nimekubali, na hata mimi sikujiuliza.

Tulipewa mpaka Jumapili ya mwisho wa mwezi, na Jaspal, si mtu mbaya, akaniachia mashine nijizoeze. Jioni za kwanza ilinichapa. Mwanzoni, bodi ikiwa imejaa, ilikuwa na macho kila upande, ukisahau kitu kidogo imekula. Lakini mimi nilikuwa naichokoza kama vile nilikuwa nachokoza kila mtu, na siku moja nikaiwekea kitu rahisi: yeye ana mfalme na ndovu, mimi mfalme peke yake. Hata mtoto wa karakana angemaliza hiyo. Unasukuma mfalme mpaka ukingoni, unamfungia, kwisha. Mashine ikapeleka ndovu kushoto. Pii. Ikairudisha kulia. Pii. Ikasogeza mfalme mbele, ikamrudisha. Nilikunywa chai kikombe chote bado inatembea kama ng'ombe imepotea sokoni.

“Imeharibika?” nikamuuliza Jaspal.

“Haijaharibika. Inaona miendo michache tu mbele, basi. Vitu vikiwa vingi hiyo inatosha, kila mahali kuna kitu ya kukula. Vikiisha, mwisho uko mbali kuliko macho yake. Haioni sababu ya kwenda huku na kuacha kule.”

Wangeci alikuwa anakusanya vikombe. “Kumbe ni ndugu ya Redio,” akasema. “Mwanzo maneno tele. Ikifika pahali pa kumaliza, anazunguka, anazunguka.” Akaniangalia moja kwa moja. Nilijua anasema habari gani na watu wote walijua. Nikajibu kitu, sikumbuki nini, watu wakacheka, na yeye akabeba beseni akaenda. Hata leo nikikumbuka hiyo mgongo yake ikitoka mlangoni masikio yangu yanapata moto.

Lakini nilikuwa nimepata dawa ya mashine. Nitabadilishana nayo kila kitu, waziri kwa waziri, farasi kwa farasi, nitaivuta mpaka bodi ibaki tupu, huko kwenye haioni. Nilimwambia Mistri. Alifikiria, akapiga bodi na kidole mara moja. “Sawa. Lakini mwisho, puttar, mwisho ni kimya. Mwisho hapana taka kelele.”

Game ilichezewa kwa ukumbi wa klabu ya Wahindi. Nilikuwa nimeingia huko mara nyingi kwa mlango wa nyuma, nikibeba viti tulivyotengeneza. Siku hiyo niliingia mbele, kwa koti ya Mistri yenye mikono ilikuwa mirefu. Kulikuwa na sambusa zimepangwa kama matofali, chai ya masala, kina mama wamekaa upande wao, watoto chini ya meza, wazee wa duka za nguo na wa spea wamevuta viti mpaka karibu. Watu wa karakana walisimama ukutani nyuma, wamenawa mpaka hawajulikani, na Wangeci katikati yao na kitambaa kipya kichwani. Nilivyoona watu wengi hivyo, nilifunguka kama bomba. Kila mashine ikilia pii, mimi nina neno. “Imeuliza kama kuna chai.” “Imesema niombe msamaha mapema.” Wazee walikuwa wanajifuta machozi. Ukumbi mzima ulikuwa wangu, na game pia ilikuwa inaenda vile nilipanga, vitu vinatoka bodi kimoja kimoja, mpaka tukabaki na vinne. Vinne tu, ndio maana sijasahau, hata mbuzi angekumbuka. Mimi mfalme na ndovu. Mashine mfalme na askari mmoja. Mfalme wake alikuwa amejibana kwa kona. Wangu alikuwa karibu naye, amebakisha hatua moja amzibie. Askari wake alibakisha hatua moja tu ageuke waziri, lakini ndovu yangu ilikuwa kwa laini moja na yeye, hakuna kitu katikati, na ni zamu yangu.

Mtu yeyote wa hiyo ukumbi angemla huyo askari. Niliona vile wazee walishaanza kusukuma viti, wakijua imekwisha. Lakini kwangu kula hapo ilikuwa kumvua mfalme nguo, game inakufa, hakuna mshindi, na mimi sikutaka sare, nilitaka kumshindia Mistri mbele ya watu wake. Hata akili haikunipa kwamba sare yenyewe ingetosha, mzee angebaki, maana alisema tu mashine isishinde. Nilikuwa nimesikia makofi tayari. Nikainua ndovu juu, nikaizungusha hewani kama mtu wa kuuza sahani, nikaipiga chini kwa ukingo wa mfalme: “Shah!” yaani mfalme wako yuko hatarini. Wakapiga kelele. Mfalme wa mashine akatoka kwa kona. Nikapiga shah ingine. Akatoka tena. Nikamwambia, “Kimbia mzee, kimbia,” wakacheka, nikapiga ingine, na mwendo wenye sikuwa na shah ya kupiga, mashine ikalia pii na askari akageuka waziri. Miendo michache baadaye huyo waziri alitishia mfalme wangu na ndovu yangu kwa pamoja, na ndovu ikaenda, maana sheria ya Mistri mashine haikuijua.

“Mbona hukumla ule askari?” Jaspal aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya, alikuwa ameshangaa kabisa.

“Si sheria,” nikasema.

“Sheria gani?”

“Humvui mfalme nguo. Sheria ya Mistri.”

Mzee mmoja wa spea akasema kitu kwa lugha yao, na ukumbi ukalipuka. Sikuhitaji mkalimani. Walikuwa hawanichekei mimi tena, walikuwa wanamgeukia Mistri, wengine wanamgonga mgongo, wanamuuliza kama anacheza chess au anaozesha bibi arusi. Mistri alikuwa ameketi wima, mikono kwa magoti. Mabega yake hayakupanda.

Sasa nikabaki mimi na mfalme wangu bila mtu, na mashine na mfalme na waziri, na hapo ndipo ugonjwa wake ulirudi. Haikujua kuniua. Shah. Nasogea. Shah. Nasogea. Inanifukuza mpaka pembeni, inaniacha, inaniita tena katikati. Mfalme wangu alizunguka hiyo bodi yote uchi, mbele ya kina mama na watoto, na kila pii ukumbi unacheka zaidi, na mimi, hiyo siku ya kwanza kwa maisha yangu, sikuwa na neno hata moja. Jasho ilikuwa inaingia kwa koti ya mzee. Kulaza mfalme siwezi, sheria. Nikaendelea kusogea. Nikiangalia ukutani naona watu wa karakana wanaangalia viatu vyao. Wangeci peke yake ndiye alikuwa ananiangalia usoni.

Mistri akasimama. Alikuja mpaka kwa meza, akanyoosha mkono juu ya bodi, na mfalme wangu, ule aliyemchonga mwenyewe, akamlaza chini taratibu vile unalaza mtoto amelala. “Bas,” akasema. Imetosha. Kisha akamwambia Jaspal kwa Kiswahili, ili sisi wa ukutani tusikie: “Kata tiketi.”

Karakana iliuzwa, trela za Mau Narok zikaundwa na wengine. Siku ya mwisho alinipa ile randa yake ndogo, na akaniambia, “Puttar, ile siku wewe naangalia watu. Hapana angalia bodi.” Nikamjibu, “Watu walikuwa wengi kuliko bodi, Mistri.” Mabega yakapanda, yakashuka. Hiyo ndiyo kitu ya mwisho nilimwambia, mzaha. Alikufa huko baada ya miaka, habari ikatufikia ikiwa imezeeka. Na mimi nilibaki nikisimulia hiyo Jumapili kwa harusi na kwa baa, naisimulia vizuri, watu wanaanguka kwa viti, na kila mara wanayemcheka ni mzee mmoja Kalasinga na sheria yake ya nguo.

Hii ndiyo nilikuwa naogopa Jaspal aje ataje. Lakini alivyonawa mikono alisema kitu ingine. “Kuna sheria ya kimataifa,” akasema. “Mashine ikizunguka sana bila kuua, inakuwa sare. Hiyo siku nilikuwa nahesabu. Ilikuwa imekaribia sana. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka aende.” Alikuwa anaongea akiangalia sahani. “Nilimwambia baadaye, huko. Nikamwambia, Chacha-ji, ungengoja kidogo tu ungebaki Nakuru. Akasema alijua haiwezi kumaliza. Akasema hangeweza kukaa pale anaangalia mtoto wake akikimbizwa bila nguo.”

Wangeci alizima jiko. Mimi, badala ya kusema kitu kama binadamu, nikaanza kupanga vizibo vya soda kwa meza, nikamwonyesha Jaspal vile vitu vinne vilikuwa vimekaa, huku kona, huku ndovu, huku askari, ili aone kwamba hakukuwa na njia, kwamba ilikuwa ama kula au kupoteza, ni sheria ndiyo ilinifunga. Jaspal akatoa simu yake. Akaniambia siku hizi kompyuta hazitangatangi tena mwisho. Vitu vikibaki vichache hivyo, watu walishaanzia kwa mfalme amekufa, wakarudi nyuma mwendo kwa mwendo mpaka wakafika kila mahali vitu vinaweza kukaa. Haifikirii tena. Inajua. Akaweka vile vinne. Simu ikajibu kabla avute pumzi.

Ilisema kula askari, unashinda. Hiyo nilijua. Lakini juu ya hiyo kulikuwa na njia ingine, fupi kuliko zote. Ilisema wacha askari. Sogeza mfalme hatua moja.

Nikamwomba simu, nikasogeza mwenyewe, na kidole changu cha uzee. Mfalme wangu akaenda akasimama mbele ya ule wa kona, akamzibia. Mashine ikafanya vile ingefanya, askari akageuka waziri. Nikashusha ndovu mpaka kwa ule ukingo wa mfalme. Shah. Mfalme hana pa kwenda, na huyo waziri mpya, na nguvu zake zote, yuko mbali, hafiki. Kwisha. Hatua moja ya kimya.

“Kwa hivyo sheria ya Mzee haikuwa na makosa,” Wangeci akasema.

Nikaangalia ile bodi. Kwa simu mfalme wa mashine alikuwa amekufa kwa kona yake, na upande ule mwingine waziri wake alikuwa bado amesimama. Alikufa akiwa na mtu. Alikufa amevaa.